Mfupa, Nyuzi na Waya wa Ardhi: Kuivalisha Besi Mjini Nakuru

Bonyeza uzi mnene wa gitaa la besi kwenye freti ya tatu, kisha uupige. Hiyo ni G, na uzi huo unatetema karibu mara 49 kwa sekunde. Stima inayoingia kanisani, hotelini na nyumbani kwako hapa Kenya nayo inatetema, mara 50 kwa sekunde. Kama besi yako inavuma, yaani ina ule mngurumo unaosikika hata kabla kwaya haijafungua kinywa, basi ukishika G sauti mbili zinazokaribiana hivyo zinakanyagana. Nota yako inayumba polepole, inapanda na kushuka kama mara moja kila sekunde, na wewe unadhani kidole ndicho kibovu. Katika makanisa niliyopigia, nyimbo nyingi huimbwa kwa G, na usiku wa mugithi vilevile. Kwa hiyo mvumo huo hapa kwetu unaharibu muziki pale pale tunapoutumia zaidi.

Nimepiga besi kwa miaka mingi kwenye barabara kuu inayopita hapa Nakuru, kutoka hoteli za Naivasha hadi harusi za Molo, na siku hizi natengeneza besi za wengine. Wanaoniletea hutoka mtaani, Njoro, Gilgil, hata Nyahururu. Wengi wao huja na ombi moja.

"Fundi, besi yangu haina sauti. Nataka uniwekee pikapu za maana," aliniambia kijana mmoja anayepiga kanisani Kaptembwo.

"Nyuzi hizi zina umri gani, kijana wangu?"

"Nilizikuta nayo, fundi."

Yaani aliinunua besi ikiwa imekwisha kutumika, akaipiga miaka kadhaa, na hazijawahi kubadilishwa. Nilimvalisha nyuzi mpya, nikakaza jeki ya kebo iliyolegea, nikarudisha shingo mahali pake. Alipoichomeka aliniangalia bila kusema kitu, akapiga wimbo mzima wa ibada huku amefumba macho. Zile pesa za pikapu alirudi nazo nyumbani.

Ninachoamini, na ninachomwambia kila anayetaka kuiboresha besi yake kwa mfuko wa kawaida, ni kwamba shilingi ya kwanza iende kwa kitu kinachogusa uzi. Inayofuata iende kwa kitu kinachokulinda na stima. Pikapu zingoje. Tena sehemu kubwa ya vitu hivyo vya mwanzo iko hapa hapa Nakuru, kwa mwenye bucha, kwa fundi wa magari, kwa mshona viatu. Vya kuagizwa kutoka mbali ni vichache kuliko watu wanavyofikiri.

Sababu iko katika jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alianza kuuza besi yake ya Precision mwaka 1951 huko California, na urefu aliouchagua, inchi 34 kutoka nati, mwisho wa shingo, hadi daraja, nyuzi zinapoishia mwilini, ndio unaotumiwa na besi nyingi mpaka leo. Mwaka 1957 aliipa Precision pikapu iliyogawanywa vipande viwili, na mwaka 1960 akatoa Jazz yenye pikapu mbili nyembamba. Karibu kila besi inayofika Nakuru, ya jina kubwa au isiyo na jina, imeiga mojawapo ya hizo. Ndani ya pikapu kuna sumaku na waya wa shaba mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetema juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya ule waya. Pikapu haiundi sauti kutoka hewani. Inaripoti uzi unachofanya, na uzi uliochoka utaripotiwa kuwa umechoka, hata pikapu iwe ya bei gani.

Basi tuanze na nyuzi. Uzi wa besi ni chuma cha katikati kilichoviringishiwa waya mwingine. Ukiviringishiwa waya wa mviringo unapata uzi wenye mikwaruzo midogo chini ya kidole na sauti kali yenye mng'ao. Ukiviringishiwa waya bapa unapata uzi laini kama kioo, wenye sauti nzito isiyodumu sana. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa nene kwenye Precision yake ya mwaka 1962, na husimuliwa kwamba hakuzibadilisha mpaka zikatike. Wapigaji wengine hutumia habari hiyo kujitetea. Lakini zile za Jamerson zilikuwa bapa, na uzi bapa huzeeka vizuri kwa sababu hauna mifereji ya kuhifadhi jasho na uchafu. Uzi wa mviringo una mifereji mamia, na vumbi letu la udongo wa volkano huingia humo pamoja na jasho na kukaa. Miezi michache tu, ule mng'ao umezimika.

Muziki unaoupiga ndio uchague uzi. Benga inataka besi inayosukuma, inayokatika, kila nota ionekane peke yake katikati ya magitaa mawili yanayokimbia. Uzi wa mviringo ndio wake, na chuma cha pua kina ukali zaidi kuliko kilichopakwa nikeli. Rumba ya Nairobi ni jambo jingine. Sikiliza tena besi ya Tom Malanga katika Les Wanyika, kundi lililoanza mwaka 1978, hasa kwenye "Sina Makosa". Besi ile inaimba, inauliza na kujibu, na hakuna nota inayotaka kukuumiza sikio. Mtu anayetafuta njia hiyo atapendezwa na uzi bapa, au na uzi wa nikeli uliokwisha kutulia kidogo. Kwa kanisani, ambako asubuhi moja unaweza kupitia pambio, tenzi na nyimbo za kisasa, mimi huweka nikeli ya kawaida na sibishani na mtu.

Unene huandikwa kwa sehemu za elfu za inchi. Seti ya kawaida ni 45, 65, 85 na 105. Nyuzi nne zikishakazwa huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70 zikijumlishwa, kwa hiyo ukiruka kutoka seti nyepesi kwenda nzito shingo itapinda na lazima irekebishwe. Kabla ya kutuma pesa, pima besi yako kutoka nati hadi daraja. Ikiwa ni inchi 34, agiza nyuzi za urefu mkubwa. Zipo besi fupi za inchi 30, na uzi wake hautafika. Angalia pia kama nyuzi zinapita kwenye daraja tu au zinatokea nyuma ya mwili, maana hizo zinahitaji urefu zaidi. Mwenye besi ya nyuzi tano ahakikishe uzi wake wa B una unene wa 125 au 130. B hiyo hutetema karibu mara 31 kwa sekunde, na uzi mwembamba utalegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Na asiye na pesa za seti mpya? Avue nyuzi, azikunje taratibu ndani ya chupa yenye mdomo mpana, amimine spiriti ya kawaida ya duka la dawa mpaka zizame, afunge, aziache usiku kucha. Asubuhi ile spiriti itakuwa nyeusi. Nyuzi zikikauka kabisa na kurudishwa, mng'ao mwingi hurudi kwa wiki kadhaa. Spiriti inawaka moto upesi, kwa hiyo chupa isikae jikoni wala karibu na jiko la makaa. Wazee wetu walikuwa na shida kubwa kuliko hii: baadhi ya magitaa ya kwanza ya vijijini Afrika Mashariki yalivalishwa waya za breki za baiskeli. Sisi tunaweza kuosha nyuzi.

Sasa nije kwa kitu ninachokipenda kuliko vyote, kile kipande kidogo kilicho mwisho wa shingo, chini ya kichwa, chenye mifereji minne ya kupitisha nyuzi. Sisi mafundi tunakiita nati. Kwenye besi za bei ya chini nati huwa ya plastiki laini yenye uwazi ndani. Uzi huila, mfereji unachimbika, na uzi ukipigwa wazi unagonga freti ya kwanza. Mtu analaumu pikapu, analaumu amplifaya, na kosa lote liko kwenye kipande kisichozidi upana wa vidole viwili.

Watengenezaji wa magitaa wa Ulaya wamekuwa wakitumia mfupa kwa karne nyingi, na mfupa unaofaa ni wa ng'ombe. Nakuru haikosi ng'ombe. Mwenye bucha ukimwomba mfupa wa mguu, ule mnyoofu wenye ukuta mnene, atakupa kwa bei ya supu. Toa nyama na uboho wote. Usiuchemshe saa nyingi kama unayepika, maana mfupa uliochemshwa kupita kiasi unakuwa mwepesi kumeguka. Uloweke siku kadhaa kwenye maji ya sabuni ya unga, ukibadilisha maji, hadi mafuta yaache kuelea. Kisha uweke kivulini, mahali penye hewa, kwa wiki nyingi. Usiuweke juani, utapasuka. Ukikauka, kata kipande kwa msumeno wa chuma ukiwa umefunga pua na mdomo, kwa sababu unga wa mfupa haufai mapafuni. Endelea kwa tupa, malizia kwa msasa mlaini uliobandikwa kwenye kioo ili uso wa chini uwe sawa kabisa. Nati ya besi aina ya Jazz ina upana wa milimita 38 hivi. Ya Precision huwa pana zaidi, mara nyingi 41 au 42. Usiamini namba zangu, pima ile ya zamani.

Mifereji ndiyo kazi yenyewe. Tupa maalumu za nati zinauzwa ng'ambo kwa bei ya kuvunja moyo. Nenda badala yake kwa wachomeleaji wa jua kali, uwaulize vile visindano vyenye meno wanavyotumia kusafisha tundu za mdomo wa gesi. Vinakuja vingi kwenye kasha moja, kila kimoja na unene wake, na vinachimba mfereji wa G na wa D vizuri sana. Kwa A, na kwa E wenye unene wa milimita 2.7 hivi, tumia tupa ndogo ya duara. Chimba kidogo kidogo ukiinamisha tupa kuelekea kichwani, ili uzi uegemee ukingo wa mbele wa nati. Namna ya kujua umefika: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, tazama mwanya juu ya freti ya kwanza. Ukibaki mwanya wa karatasi moja, weka tupa chini. Ukizidisha, kipande hicho ni cha kutupa na unaanza upya, ndiyo maana huwa nakata vipande kadhaa kwenye mfupa mmoja.

Sauti ya uzi wazi kwenye nati ya mfupa ni safi, na hudumu. Nimeona besi ya bei ya chini kabisa ikigeuka chombo cha kuheshimika kwa mfupa wa bucha na seti ya nyuzi.

Kuhusu shingo, hali yetu ya hewa ina neno lake. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Molo iko juu zaidi, na miezi ya Januari na Februari hukauka sana. Besi iliyoishi Mombasa au Kisumu, kwenye unyevu, ikiletwa huku mbao zake hunywea. Ubao wa vidole unapungua upana lakini freti za chuma hazipungui, basi ncha zake zinachomoza pembeni na kukukwaruza kiganja. Hilo si la kununua kitu, ni la tupa na uvumilivu, baada ya kuiacha besi izoee mji. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu cha kurekebisha mpindo. Funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, bonyeza uzi wa E pale shingo inapokutana na mwili, upime mwanya katikati. Unahitaji milimita 0.3 hivi. Kipimo chake kiko kwenye kila gereji ya mji huu: vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya wa vali, fila wanaviita. Fundi wa magari atakuazima. Zungusha chuma robo mzunguko tu kila mara, ukitumia ufunguo unaokaa sawasawa, uache shingo itulie kabla ya kuongeza. Kikikataa kuzunguka usikilazimishe.

Daraja na vigingi nitavipitia haraka, kwa sababu navyo hununuliwa kabla ya wakati wake. Madaraja mazito ya shaba yana sifa kubwa, na ni kweli hayalegei, lakini tofauti ya sauti ni ndogo kuliko bei. Badilisha daraja ikiwa skrubu zake zimeota kutu hazigeuki, au vitandiko vya nyuzi vinahama ukipiga kwa nguvu. Kigingi kinachoachia sauti, kaza kwanza skrubu zake zote, kisha uangalie kama uzi umezungushwa angalau mara mbili kwenye nguzo yake. Mara nyingi mwizi wa sauti ni nati inayobana uzi, nasi tumeshaishughulikia.

Mkanda ununue Nakuru. Besi ya kawaida ina uzito wa kilo nne hivi, na ibada ya Jumapili inaweza kwenda saa tatu. Mkanda wa nailoni wa inchi mbili unakata bega. Mshona viatu akutengenezee wa ngozi, upana inchi tatu na nusu, upande wa ndani uachwe bila kung'arishwa ili ushike nguo na kichwa cha besi kisianguke chini. Mashimo yawe madogo, yaingie kwa shida. Juu ya kila kifundo weka duara la mpira uliokatwa kwenye tubu ya zamani ya baiskeli, lenye tundu dogo katikati. Mkanda hautachomoka hata uruke na vijana wa praise.

Sasa nirudi kwenye stima, na hapa naomba msomaji asiruke mistari.

Nyuzi za besi zimeunganishwa na ardhi. Chini ya daraja kuna waya mwembamba unaokwenda hadi kwenye jeki, kutoka hapo unapita kwenye kebo hadi kwenye chuma cha amplifaya, na kutoka kwa amplifaya hadi pini ya tatu ya plagi. Ukiwa umeshika nyuzi, mkono wako uko kwenye mnyororo huo. Sasa fikiria unaimba pia. Maikrofoni yako imeunganishwa na mtambo mwingine, uliochomekwa upande wa pili wa ukumbi kwenye soketi ambayo haina ardhi, au fundi alichanganya nyaya. Midomo ikigusa chuma cha maikrofoni, stima inaweza kupita kati ya mdomo na mkono, na katikati yake kuna moyo. Watu wamekufa jukwaani kwa njia hiyo, katika nchi nyingi. Kanisa la mabati lenye jenereta na waya za kuunganisha kutoka kwa jirani ni mahali pa kuwa macho zaidi.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ninachotaka mpigaji besi awe nacho kwenye mkoba wake ni kile kiplagi kidogo chenye taa tatu cha kupimia soketi. Kikionyesha hakuna ardhi, usichomeke. Usikate pini ya tatu ya plagi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli, na kinga yako itakuwa imeisha nao. Vyombo vyote vya jukwaa vichukue stima sehemu moja. Kanisa nalo limwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aweke swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata stima yenyewe ikivuja. Wazee wa kanisa wakinung'unika kuhusu gharama, waambie wainunue hiyo kabla ya spika mpya.

Ardhi ikiwa sawa, mvumo uliobaki unaweza kuutafuta ndani ya besi. Shika nyuzi usikilize. Mvumo ukipungua unapozishika, waya wa chini ya daraja uko sawa na kinachokosekana ni ukuta wa kuzuia. Usipobadilika kabisa, au ukiongezeka, huenda waya huo umekatika au umelehemiwa vibaya. Ukuta wa kuzuia hutengenezwa kwa kubandika karatasi ya shaba ndani ya shimo la poti, vile vidhibiti vya sauti na toni, na la pikapu. Shaba haipatikani kila mahali, lakini foili ya jikoni ya supamaketi inafanya kazi, ilimradi vipande vyote vigusane na viunganishwe na ardhi kwa skrubu, maana alumini haikubali kulehemiwa kwa njia ya kawaida. Hakikisha tu ncha ya moto ya jeki haigusi foili, la sivyo besi itanyamaza. Mwenye Jazz ajue kwamba pikapu zake mbili zimetengenezwa zifutiane mvumo. Zikifunguliwa zote sawa, kimya. Ukipunguza moja, mvumo unarudi. Precision ya tangu 1957 hufuta mvumo yenyewe, na hilo limeifanya kuwa chaguo langu kwa majumba yetu.

Besi zenye saketi ya betri ndani huwa na betri ya volti 9. Nakuru hii ilikuwa mji wa betri: kiwanda cha Eveready kilikuwa hapa kikitengeneza mawe ya tochi na redio, hadi kilipofungwa mwaka 2014 baada ya kushindwa kushindana na betri za bei nafuu kutoka nje. Wengi wa umri wangu tuna ndugu aliyefanya kazi mle. Ile ya volti 9 unaipata dukani, chagua alkalini. Ujue kwamba kuingiza plagi kwenye jeki ndiko kunakowasha saketi. Ukiacha kebo imechomekwa tangu Jumapili, Jumapili nyingine betri inaweza kuwa imechoka, na besi itaanza kukoroma katikati ya sifa. Chomoa kila unapomaliza.

Kebo nayo isikusumbue. Usinunue ile iliyozibwa kwa plastiki ngumu mwishoni. Ikikatika ndani ni ya kutupa. Nunua waya kwa mita na plagi mbili za chuma zenye kifuniko cha kufungua, ulehemu mwenyewe. Mita tano au sita zinatosha, kwani kebo ikirefuka sana mng'ao wa besi isiyo na betri unapotea njiani. Poti zikikwaruza unapozizungusha, ni vumbi. Puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme kutoka duka la vipuri vya elektroniki, uzungushe mara nyingi. Zikikataa, badilisha. Besi za pikapu za kawaida hutumia poti za kilo-omu 250 na kapasita ya maikrofaradi 0.047 kwa toni, vitu vidogo unavyoweza kuvipata Luthuli Avenue, Nairobi, vikaja jioni kwa kifurushi cha matatu.

Baada ya yote hayo, kaa na besi yako miezi kadhaa. Ipige na watu. Rekodi kwa simu ukiwa umesimama mwisho wa kanisa, maana jukwaani hausikii anachosikia mama aliyekaa benchi la nyuma. Ukisikiliza na kuona bado kuna kitu unachokitaka ambacho nyuzi, nati na shingo havikukupa, labda uzito zaidi chini, labda meno zaidi juu, hapo pikapu mpya ina kazi ya kufanya nami nitakusaidia kuichagua kwa furaha.

Ukiwa na Jazz, usiagize pikapu mbili ukidhani zinalingana. Katika ile ya asili, ya karibu na daraja ni ndefu kuliko ya karibu na shingo kwa milimita 2 hivi, na baadhi ya zilizoigwa hutumia mbili za urefu mmoja. Toa zote mbili, pima kila kasha kwa rula, pima pia umbali kati ya uzi wa E na wa G juu ya kila moja. Piga picha ya nyaya zilivyolehemiwa kabla hujagusa chochote. Andika rangi ya kila waya na mahali unapokwenda. Kisha ndipo utume M-Pesa.